Kumlaza Mtoto Penye Jua la Saa Nne za Usiku



Mpwa wangu aliyeko Maskati ameniandikia barua kuniuliza namna tunavyomlaza mjukuu wangu hapa Stockholm. Yeye naye amejaaliwa mtoto mwenye usonji, mwana wa miaka minne, na anasema tangu mwezi wa Rajabu hajapata usiku mmoja uliokamilika. Nilianza kumjibu yeye peke yake. Kisha nikahesabu vidoleni nikaona kwamba katika ukoo wetu watoto wa namna hiyo ni wanne, karibu mmoja kwa kila bandari tuliyotia nanga, na hakuna mzazi wao hata mmoja aliyepata kuandika neno juu ya jambo hili hapa tunapowekeana picha za harusi, hati za mirathi na shajara ya nasaba. Basi namjibu mbele yenu nyote, kwa idhini yake na kwa idhini ya binti yangu.

Mjukuu wangu ana miaka minane. Maneno yake hayazidi ishirini, baadhi ya Kiswahili na baadhi ya Kiswidi, lakini masikio yake husikia kila kitu: lifti ya jengo, friji ikianza kunguruma, maji yakipita ndani ya ukuta. Tangu alipokuwa na miaka miwili hadi alipotimia sita, usingizi wake ulikuwa wa saa tatu au nne. Alisinzia saa nane za usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Na kabla ya saa nane hakuwa akijilaza tu na kutazama dari. Alikuwa akitembea, akifungua mabomba, akipanda kabati, akicheka peke yake gizani kwa kicheko ambacho mchana kingetufurahisha. Binti yangu ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, na zamu yake huanza saa moja asubuhi. Mume wake ni dereva wa basi. Fikirini wenyewe hali ya dereva wa basi ambaye hajalala.

Nayataja haya ili asiwepo atakayedhani kwamba nazungumzia mtoto mkaidi anayekataa kwenda kitandani. Zaidi ya nusu ya watoto wenye usonji hupata taabu ya usingizi, na vivyo hivyo wengi miongoni mwa wenye kifafa na wenye ulemavu wa akili. Usingizi wao haukuharibiwa na malezi ya mama yao. Na nyumba ambayo mtoto mmoja halali, hakuna mwingine anayelala.

Nilipokuwa mdogo Unguja sikumbuki mtu aliyenifundisha kulala. Jua lilituchwea karibu wakati ule ule mwaka mzima, takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na giza likaingia nyuma yake bila kuchelewa. Adhana ya magharibi ikatuita ndani. Wazee walishika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba watoto wasiachwe nje giza linapoingia, na kwamba baada ya isha si vyema kukaa kuzungumza ovyo. Tukala, tukaosha miguu, tukasomewa Kul-huwallahu na Kul-audhu mbili, tukapanguswa uso kwa kiganja, chandarua kikashushwa na kuchomekwa chini ya godoro la sufi, utambi wa taa ukapunguzwa. Mambo sita au saba, kwa mpango ule ule, kila siku ya Mungu. Hakuna aliyeyaita ratiba. Yalikuwa ndiyo usiku wenyewe.

Hata saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya msingi huo. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kuchwa, na saa moja ya asubuhi ni ya kwanza baada ya kuchomoza. Hesabu hiyo haikuweza kubuniwa ila na watu ambao jua lao haliwadanganyi. Njooni nayo Stockholm, nyuzi 59 kaskazini ya ikweta, mwione inavyotahayari. Katika siku za mwisho za Juni jua huchomoza saa tisa na nusu alfajiri na kutua saa nne na dakika chache usiku. Na hata likishatua mbingu haziwi nyeusi, bali mwanga hafifu hubaki upande wa kaskazini mpaka jua lirudi. Wanaoswali wanaujua mtihani huo: alama ya isha haionekani kwa wiki kadhaa, na maulamaa wamelazimika kutoa fatwa za kukadiria nyakati kwa nchi za huku. Ifikapo Desemba mambo hupinduka. Jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kutua kabla ya saa tisa alasiri, na mtoto huenda shule gizani na kurudi gizani.

Sasa mwambie mtoto ambaye neno kwake lina maana moja tu kwamba huu ni usiku, ilhali jua analiona dirishani. Atakuona mwongo.

Mwaka 1729 mtaalamu wa Kifaransa aitwaye Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo, ule tuliokuwa tukiugusa utotoni ukajifanya umekufa. Akaona kwamba hata bila jua majani yake yalifunguka mchana na kujikunja usiku. Yaani kiumbe hai kina saa yake ya ndani. Kwa binadamu saa hiyo imo ubongoni, na kazi ya mwanga wa mchana na giza la usiku ni kuirekebisha kila siku isipotee. Giza linapoingia, tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, iliyotambuliwa mwaka 1958 na daktari Mmarekani Aaron Lerner, nayo hupeleka mwilini habari kwamba usiku umefika. Tafiti nyingi zimekuta kwamba kwa watoto wenye usonji, aghalabu, habari hiyo ni dhaifu. Mchukue basi mtoto ambaye habari yake ya ndani ni dhaifu, umlete katika nchi ambayo habari ya nje hubadilika kila mwezi. Hilo ndilo lililotupata. Pwani ilitupa usiku bure; hapa tunautengeneza wenyewe, na kila jioni tunaanza upya.

Kabla sijaeleza tulivyoutengeneza, niseme neno juu ya shetani, kwa kuwa najua mnaliwazia.

Kuna jamaa, nawaheshimu na baadhi yao wanasoma haya, walioshauri mtoto apelekwe Unguja akapungwe, maana anayecheka peke yake gizani bila shaka ana anayemchekesha. Wengine walisema ni jicho la hasidi. Mimi Qurani naisoma juu ya mtoto huyu kila usiku, kama mtakavyoona, na simzuii mtu kuleta dua. Lakini kumtia mtoto asiyevumilia mngurumo wa friji katikati ya ngoma ya pepo, hilo sikuliafiki wala siliafiki.

Wako pia waliosema kinyume, kwamba huu ni ugonjwa wa Ulaya na kwetu haukuwako. Maneno hayo hayakuanza na sisi. Hapa Stockholm wazazi wa Kisomali waliuita usonji ugonjwa wa Kiswidi, kwa kuwa katika lugha yao hawakuwa na jina lake. Mwaka 2008 watafiti, miongoni mwao Elisabeth Fernell na Christopher Gillberg, walichapisha uchunguzi uliofanywa katika mji huu, na ukaonyesha kwamba usonji unaoambatana na ulemavu wa akili uliwapata takriban watoto 7 katika kila 1,000 wenye asili ya Kisomali, na takriban 2 katika kila 1,000 miongoni mwa wengine. Wakaanza kuuliza kama upungufu wa vitamini D kwa mama wajawazito, vitamini ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, una sehemu yake katika jambo hili; hilo halijathibitika. Mimi ninachokichukua katika uchunguzi huo ni kwamba mama hao walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa amejifungia nyumbani kwake akidhani yuko peke yake. Na kusema kweli watoto hawa tulikuwa nao Unguja. Kila mtaa ulikuwa na wake, na jina walilopewa, taahira, si la kumwitia mja wa Mungu.

Kutengenezeka kwa mambo kulianzia katika daftari. Tulipopokelewa katika habilitering, yaani huduma ya mkoa kwa watoto wenye ulemavu, kwanza daktari alimpima mtoto masikio, meno, choo kigumu, madini ya chuma katika damu na dalili za kifafa cha usiku. Kwa kuwa mtoto asiyeweza kusema tumbo linamuuma hulisema kwa kutolala. Mpwa wangu, nawe anzia hapo. Kisha tukaombwa tuandike habari za usingizi wake kwa wiki mbili. Nami nimekuwa karani kwa miaka thelathini na sita, bandarini na maofisini. Nilipiga mistari ya safu: saa ya kuingia kitandani, saa ya kusinzia, saa za kuamka katikati, saa ya kuamka asubuhi, alichokula, alikopita, hali ya mwanga. Wiki mbili nikazifanya sita. Binti yangu alinitania kwamba naandika manifesti ya jahazi.

Manifesti hiyo ilitoa mambo mawili. La kwanza, nyakati mbaya kuliko zote zilifuata siku ambazo mtoto alisinzia katika teksi ya shule, saa tisa alasiri, kwa dakika ishirini tu. Dakika ishirini hizo zilimgharimu saa mbili za usiku. Tukasema na dereva, mtu mwema kutoka Eritrea, naye akawa anamwimbia njiani ili asisinzie. La pili, tangu kulazwa saa moja na nusu mpaka kusinzia saa nane, kitanda kwa mtoto yule kilikuwa uwanja wa mapambano ya saa sita na nusu, kila usiku. Mtaalamu wa kituo akashauri jambo lililotushangaza sote: mtoto asipelekwe kitandani mpaka saa saba na nusu, karibu na saa yake mwenyewe ya kusinzia, na aamshwe kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata Jumamosi, hata siku ya Idi. Akishazoea kusinzia upesi, saa ya kitanda irudishwe mapema kwa robo saa, ikae hapo siku kadhaa, kisha robo saa nyingine.

Kutoka saa saba na nusu hadi saa tatu na nusu ni robo kumi na sita. Zilituchukua miezi mitano. Aliyekesha naye ni mimi, maana mstaafu hana zamu.

Usiku wenyewe tuliujenga hivi. Dirisha la chumba chake lina pazia zito jeusi, na kingo zake zimebandikwa ukutani kwa ukanda wa kunata, kwa sababu mwanga wa Juni hupenya kama maji. Katika majira ya joto chumba hutiwa giza saa mbili kabla ya kulala, na taa za nyumba nzima hupunguzwa, hata za jikoni, hata kama majirani wanaota jua bustanini. Katika majira ya baridi kazi kubwa ni asubuhi: taa kali huwashwa mezani wakati wa chai, kusudi mwili ujue siku imeanza.

Ukutani pana kadi sita za picha, zimepangwa kutoka juu hadi chini: bafu, nguo za kulalia, kikombe cha maziwa, mswaki, viganja viwili vilivyofunuliwa, na mto. Akimaliza jambo, huibandua kadi yake na kuitia katika mfuko. Njia hii ya kumwonyesha mtoto kwa picha mambo yatakayokuja ilienezwa na mpango wa TEACCH wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ulioasisiwa na Eric Schopler mwaka 1972, na walimu wa Sweden wanaitumia sana. Pamoja na kadi kuna kifaa chenye safu ya taa ndogo zinazozimika moja baada ya moja, ili mtoto asiyejua saa auone muda ukipungua. Mtoto wetu alikuwa akipiga mayowe kila alipotolewa bafuni. Tangu apewe taa hizo, huzitazama, na ya mwisho ikizimika hutoka mwenyewe.

Ile kadi ya viganja ina habari yake. Mimi nilikuwa nikifanya kama nilivyofanyiwa, nasoma sura zile tatu, napuliza viganjani, nampangusa uso, kifua na miguu. Sikuwa nimemtajia mtaalamu, kwa kuwa sikudhani kwamba ni jambo la tiba. Yeye mwenyewe alikuja kwetu jioni moja, akakaa kimya pembeni na kalamu yake, akaona mtoto akinikamata mikono na kuivuta usoni pake kabla sijamaliza. Akauliza ni nini. Nikamweleza. Akasema hilo lina sauti ya aina moja, lina mguso, lina mwanzo na mwisho, na halibadiliki, lichorewe kadi. Sikuona kwamba ameishusha Qurani kuwa kidonge. Niliona kwamba ametambua kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho mkononi.

Si kila kitu cha kwetu kiliwezekana. Udi nilijaribu, kengele ya moto ikalia jengo zima, na mtoto hakulala mpaka asubuhi, wala majirani. Badala yake natia tone la marashi ya mawaridi kwenye pembe ya mto. Chandarua, ambacho jamaa walikiona mzaha katika nchi ya theluji, kilifaa kuliko nilivyotarajia: chini yake chumba hugeuka kidogo, na mtoto asiyependa vyumba vikubwa hutulia. Na anayedhani Sweden hakuna mbu hajafika huku Julai.

Palikuwa na suala moja tulilokaa kulijadili kweli, nalo ni la kulala peke yake. Desturi ya hapa ni mtoto kuwa na chumba chake na kitanda chake. Kwetu mtoto hulala na mama yake, kisha na bibi yake, na akiwa mkubwa hulala na ndugu zake. Mtoto wa kulala peke yake tungemwonea huruma. Hoja ya wataalamu haikuwa ya adabu za Kiswidi, ilikuwa hivi: mtoto akiamka saa tisa za usiku hutaka kukuta kila kitu kama alivyokiacha alipokuwa akisinzia. Akisinzia mikononi mwako, atakutafuta mikono hiyo. Hoja hiyo niliikubali, lakini nikaitumia kwa namna yetu. Nilitandika godoro langu sakafuni kando ya kitanda chake, nami nikalala hapo usiku kucha, nikawa sehemu ya chumba kama kabati. Akiamka ananikuta. Mara nyingi hunitazama tu, akarudi. Baadaye tulilisogeza godoro hadi mlangoni, na sasa liko ukumbini, mlango ukiwa wazi.

Juu ya blanketi zito, lile linaloshonewa minyororo au vijiwe vidogo, mengi yanasemwa kuliko yaliyothibitishwa. Wetu analipenda. Wako watoto wasiolivumilia hata dakika moja. Sharti ni kwamba mtoto aweze kulitoa mwenyewe, na kamwe lisiwekwe juu ya mtoto mchanga.

Juu ya vidonge vya melatonini nitasema kwa ukali kidogo. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliidhinisha melatonini maalumu kwa watoto wa miaka 2 hadi 18 wenye usonji, pale ambapo mazoea ya kulala yamejaribiwa na hayakutosha. Mjukuu wangu aliandikiwa na daktari wake, kipimo kidogo, na ilimsaidia kusinzia mapema zaidi. Kuamka katikati ya usiku hakukuisha. Lakini kuna jamaa wanaobeba chupa kutoka Marekani, ambako huuzwa dukani kama virutubisho, na kuzigawa kama halua. Homoni haigawiwi hivyo. Mwone daktari, mwambie na dawa nyingine anazotumia mtoto, hasa za kifafa.

Nimefika sasa penye jambo zito kuliko mapazia na kadi.

Mwaka wa pili wa mambo haya, binti yangu alianza kusahau. Alisahau jiko likiwaka, alisahau jina la wodi aliyofanya kazi miaka saba. Siku moja aliketi ngazini, mfuko wa dukani mapajani, akashindwa kukumbuka kama alikuwa akipanda au akishuka. Mimi nilikuwa nikilala kwao siku tatu kwa wiki, na umri wangu hauniruhusu zaidi. Mume wake alikuwa amechukua zamu za mchana ili ashike usiku, na wakawa wanapishana mlangoni kama walinzi.

Hapa Sweden kuna sheria iitwayo LSS, iliyopitishwa mwaka 1993 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1994, inayowapa watu wenye ulemavu wa aina fulani, usonji ukiwamo, haki ya huduma za aina kumi. Mbili katika hizo zilituhusu. Moja ni mtu wa kuja nyumbani kushika nafasi ya wazazi kwa saa kadhaa, hata usiku. Nyingine ni mtoto kwenda kulala mahali pengine kwa siku chache katika mwezi, katika nyumba ndogo iliyotayarishwa, ili wazazi wapumzike na mtoto naye azoee kuwa nje ya kwao. Maombi hupelekwa manispaa, na anayekataliwa anaweza kukata rufaa katika mahakama ya utawala. Mbali na hayo, Försäkringskassan, yaani mfuko wa bima ya jamii, hutoa tangu mwaka 2019 posho ya malezi yenye ngazi nne, kwa kadiri ya mzigo wa mzazi, na usiku wa kukesha huhesabiwa. Daftari langu liliambatanishwa na maombi, kurasa zote.

Aliyekataa hakuwa manispaa. Alikuwa binti yangu. Alisema, Baba, watu watasema tumemtupa mtoto. Nilimwuliza watu gani, naye akawataja kwa majina, na wengi wao mko humu.

Basi nisikilizeni nanyi nilivyomjibu. Nilimwambia kwamba katika nyumba yetu ya Unguja hakuna mama aliyelea mtoto peke yake. Palikuwa na bibi aliyelala naye, shangazi aliyemwogesha, jirani aliyemchukua barazani mama akizidiwa, na hakuna aliyesema mtoto ametupwa. Tulipoondoka tuliwaacha shangazi hao. Wengine wako Dubai, wengine makaburini. Nchi hii haikuwa na shangazi wa kutupa, ikaandika kazi yake katika sheria na kumlipa mtu aifanye. Anayeona aibu kuipokea na aje yeye alale sakafuni siku nne zilizobaki za wiki.

Alitia saini baada ya mwezi mmoja. Sitaki mdhani kwamba huduma hiyo ni pepo. Wanaokuja nyumbani hubadilika mno, na kila sura mpya humgharimu mtoto wiki ya usingizi. Tuliandika karatasi moja, mistari kumi na miwili, ya mambo ambayo hayabadiliki hata akija nani.

Kwako wewe, mpwa wangu, hali ni nyingine. Sheria hiyo huna, lakini shangazi unao, na mama mkwe, na dada wawili mtaa mmoja. Wagawie usiku kwa zamu, na wote wafuate karatasi moja. Jua la Maskati liko upande wako, hutua mapema mwaka mzima, basi zima taa kubwa za ukumbini likishatua. Adui yako ni kukesha kwa mji: wageni wa saa nne, televisheni, na Ramadhani, ambapo usiku hugeuka mchana. Mwezi huo mshike mtoto na saa yake ile ile, hata kama nyumba nzima iko macho. Mlaze baada ya futari kama kawaida, wala usimwamshe daku.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alilala kwa mara ya kwanza katika nyumba ile ya siku chache. Tulimfungia kadi zake sita, zile taa, chandarua, mto wenye marashi, na sauti yangu katika simu nikisoma. Kijana wa Kiswidi aliyempokea aliziangalia kadi moja moja, akauliza kuhusu ya viganja, na kama inajuzu yeye kuifanya, maana si Mwislamu. Nilimwambia awashe sauti na anyooshe mikono tu. Mtoto anajua sehemu iliyobaki. Akaniomba pia nimwandikie kwa herufi za Kiswidi jinsi ya kutamka lala salama. Nikamwandikia.

Usiku wa kwanza mtoto alisinzia saa tano na robo, akaamka mara moja. Wa pili alisinzia saa nne. Binti yangu alilala tangu saa tatu za usiku hadi saa nne ya asubuhi, simu yake nikiwa nimeichukua mimi. Niliyaandika yote katika daftari, ya mtoto katika safu zake, na ya mama yake katika safu mpya niliyoipiga mstari siku hiyo.

Nakala ya karatasi ya safu, mpwa wangu, nakutumia. Ichapishe nyingi, wiki mbili hazitakutosha.

Wassalaam.